Nukta za Kim Whanki si machozi

Kuna hadithi moja tunayomvalisha kila mchoraji aliyehama kwao, kama suti ya kukodi inayopita kwa maharusi wote wa mtaa. Mtu aliondoka, akafika ugenini, baridi ikampiga, pesa hana, akakumbuka nyumbani, akachora kumbukumbu zake, Wazungu wakashangaa, picha ikauzwa kwa mamilioni. Imeisha hiyo. Badilisha jina la mtu na jina la nchi, makala nyingine iko tayari. Mimi ni mwandishi wa habari, najua zinavyoandikwa: dakika ishirini, na chai bado ina moto.

Mtu ambaye suti hii inambana kuliko wote ni Mkorea Kim Whanki, na ajabu ni kwamba ndiye anayevalishwa kila siku. Alizaliwa mwaka 1913 katika kisiwa cha Anjwa, kusini-magharibi mwa Korea, akafia New York mwaka 1974. Novemba 2019, picha yake moja ya nukta za buluu iliuzwa kwenye mnada wa Christie's mjini Hong Kong kwa takriban dola milioni 13 za Marekani ukijumlisha ada. Hakuna kazi ya msanii wa Korea iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani. Tangu siku hiyo kila anayemwandika anaanza na bei, halafu anakimbilia kwenye maelezo: nukta zile ni nyota za angani juu ya kisiwa chake; kila nukta ni rafiki aliyemwacha; ni machozi ya mtu aliye mbali na kwao.

Mimi nasema hapana. Maelezo hayo ni ya uvivu, tena yana dhuluma ndani yake. Yanamnyang'anya mchoraji akili yake, na yanamfuta kabisa mtu wa pili aliyekuwemo katika kazi ile. Kwa huyo wa pili nitafika.

Tuanze na ushahidi ulio wazi, ule ambao hata mtoto wa shule angeuona akipanga picha kwa miaka yake. Kama hamu ya nyumbani ndiyo iliyokuwa injini, basi tungetarajia kwamba kadiri anavyokaa mbali na Korea, ndivyo Korea inavyojaa kwenye kanvasi. Sasa angalia kilichotokea. Milima, mwezi, korongo wanaoruka, paa, matawi ya maua ya mplamu, mitungi mikubwa meupe: vitu vyote hivyo alivichora alipokuwa nyumbani Seoul, katika miaka ya 1950. Picha yake ile kubwa ya wanawake na mitungi, yenye upana wa zaidi ya mita tano na nusu, aliagizwa na tajiri mmoja wa viwanda vya nguo kwa ajili ya ukuta wa nyumba yake. Imejaa Ukorea mpaka inamwagika. Mwaka 2021 familia ya marehemu Lee Kun-hee, aliyekuwa mwenyekiti wa Samsung, iliikabidhi kwa taifa pamoja na maelfu ya kazi nyingine. Picha iliyojaa nyumbani kuliko zote ilichorwa nyumbani, kwa ajili ya sebule ya mwenye fedha. Hamu ya nini sasa?

Akaenda Paris mwaka 1956, akakaa mpaka 1959. Huko akaendelea na mitungi na miezi. Sawa, hapo mtu wa hamu anaweza kupumua. Lakini New York, ambako alifika mwaka 1963 na hakurudi tena, mitungi ilitoweka. Haikutoweka kwa siku moja. Kwanza mwezi ukawa duara tu. Mlima ukawa mstari. Mstari ukakatwa na mistari mingine, kanvasi ikagawanywa sehemu nne kama dirisha, rangi zikagongana katikati. Halafu, kufikia mwaka 1970, yakabaki madoa tu, maelfu, kutoka ukingo mmoja wa kanvasi hadi mwingine. Kadiri alivyokaa mbali, ndivyo nyumbani kulivyopungua kwenye picha.

Anayetaka kuniambia kwamba nukta ni nyumbani kulikofichwa, inabidi anieleze kwa nini mtu anayelilia kwao afiche kitu ambacho alikuwa akikichora waziwazi, mchana kweupe, kwa miaka kumi na zaidi.

Kuna wale wa upande wa pili pia, na sina huruma nao zaidi. Hao husema kwamba Whanki alikuwa mchoraji wa mitungi mpaka alipofika Marekani, Wamarekani wakamfundisha sanaa dhahania, akazaliwa upya. Huu ni ule wimbo wetu wa zamani kwamba akili inakaa Magharibi na sisi wengine tunaikuta huko kama mizigo uwanja wa ndege. Ukweli ni kwamba Whanki alianza na udhahania. Alisoma Chuo Kikuu cha Nihon, Tokyo, katika miaka ya 1930, wakati Korea ikiwa koloni la Japani. Mwaka 1938, akiwa na miaka 25, alichora picha inayoitwa Rondo, ya maumbo yaliyopinda ambamo unahisi kuna piano na watu, ila hakuna piano wala mtu unayeweza kumshika. Leo imesajiliwa na serikali ya Korea Kusini kama urithi wa taifa, kwa sababu ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za aina hiyo kuchorwa na Mkorea. Yaani kijana wa kisiwani, mtoto wa familia yenye ardhi, aliufahamu udhahania robo karne kabla hajakanyaga New York.

Na mitungi? Mitungi ilikuja baadaye, kwa uamuzi. Aliirudia baada ya kuwa ameshaondoka. Hilo ndilo jambo linalonivutia kwake na ndilo ambalo hadithi ya suti ya kukodi haiwezi kulibeba: mtu huyu hakusafiri kutoka jadi kwenda usasa kwa tiketi ya kwenda tu. Alienda, akarudi, akaenda tena.

Ile mitungi yenyewe inastahili maneno mawili matatu, maana wengi tunadhani ni pambo. Ni mitungi ya kaure nyeupe ya enzi za ufalme wa Joseon, ambayo Wakorea huiita mitungi ya mwezi. Ni mikubwa mno kufinyangwa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mfinyanzi hutengeneza mabakuli mawili, akayageuza mdomo kwa mdomo, akayaunga. Pale katikati hubaki kama mshono, tumbo la mtungi huvimba upande mmoja kidogo, na hakuna mtungi ulio duara kamili. Whanki aliikusanya kwa wingi na aliipenda kupita kiasi. Mimi naamini alichokuwa akikisoma pale ni namna ya kutengeneza: duara linalopatikana kwa mkono, lisilo kamili, linalobeba alama ya kazi. Angalia nukta zake za baadaye. Hakuna hata moja iliyo duara kamili.

Tufike kwenye nukta basi, na tuziangalie kama watu wanaojua maana ya kufanya kazi kwa mikono.

Kanvasi ilikuwa ya pamba, haikupakwa ile rangi ya msingi inayoziba vinyweleo vya kitambaa. Rangi ilikuwa ya mafuta, lakini aliizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama maji ya wino. Ukiigusisha rangi ya namna hiyo kwenye pamba tupu, haikai juu, inanywewa. Inatambaa, inaacha kivuli pembeni yake. Anaweka nukta, anaizungushia kimstari cha mraba, anakwenda nyingine, anaizungushia, hivyo hivyo, safu kwa safu, halafu anarudi kuweka rangi juu ya zile zilizokwisha kunywewa. Hii ni tabia ya wino juu ya karatasi ya Kikorea, ila imehamishiwa kwenye vifaa vya mchoraji wa Ulaya. Picha ya 2019, ile ya mnadani, ni kanvasi mbili zilizosimama bega kwa bega, jumla mita mbili na nusu kwa mbili na nusu, nukta zikizunguka katika vitovu viwili kama mawimbi ya kokoto mbili zilizotupwa bwawani. Hakuna nafasi ya kukosea. Rangi ikishanywewa huwezi kuikwangua.

Majina ya picha hizo nayo yananena. Ile ya mnadani inaitwa 5-IV-71 #200. Tarehe 5, mwezi wa nne, mwaka 71, kazi namba 200. Basi. Kwenye mzunguko wa biashara imeongezewa jina Ulimwengu, ambalo kwa kweli linauzika zaidi. Lakini tarehe na namba ni lugha ya daftari la fundi: nguo namba fulani, imeanza siku fulani. Mtu aliyekuwa anaandika barua za machozi kwa kisiwa chake asingeziita kwa namba.

Nasikia pingamizi linakuja, na ni la haki. Shajara zake zipo, zimechapishwa, na humo Whanki anataja mara kwa mara kwamba akiweka nukta anawaza kwao na marafiki zake. Tena picha yake mashuhuri ya mwaka 1970, ya kwanza kubwa kujaa nukta tupu, aliipa jina kutoka shairi la rafiki yake, mshairi Kim Gwang-seop, shairi linalohusu nyota, mtu anayeitazama, na swali la kukutana tena. Aliituma Seoul kwenye shindano la gazeti la Hankook Ilbo, ikachukua tuzo kuu. Kwa hiyo nabishana na marehemu mwenyewe?

Sibishani naye. Alikuwa na hamu, bila shaka. Nani asingekuwa nayo? Ninachobishania ni kule kuruka kutoka alichokuwa anawaza mpaka kile alichotengeneza. Fundi cherehani anaweza kumwaza mama yake aliye kijijini tangu asubuhi mpaka jioni. Suruali anayoshona haigeuki kuwa barua kwa mama. Inabaki suruali, na tutaihukumu kwa mshono. Watu wangapi wameondoka kwao na wanalia kila usiku? Mamilioni. Wangapi kati yao wamechora picha ya 1970? Hamu wanayo wote. Kilichomtofautisha Whanki na wengine ni pamba isiyopakwa msingi, tapentaini, na miaka thelathini na zaidi ya kujaribu, kuacha, na kujaribu tena.

Na majaribio yalikuwa mengi. Kati ya miaka ya mwisho ya 1960 alichora kwa rangi ya mafuta juu ya kurasa za gazeti la New York Times. Wapenzi wa hadithi ya shida wanasema: masikini, hata kanvasi alikosa. Huenda pesa ilikuwa ngumu kweli. Lakini karatasi ya gazeti inakunywa mafuta, nayo ina safu zake za maandishi zilizonyooka tayari, vijimstari kwa vijimstari, kama shamba lililokwisha kulimwa matuta. Mwaka mmoja au miwili baadaye anatokea na safu za nukta kwenye kitambaa kinachokunywa mafuta. Mwenye macho aunganishe.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, kuna picha ndogo ya mwaka 1951 ya garimoshi la wakimbizi. Vita vya Korea vilikuwa vimewasukuma watu kusini, Whanki naye akiwa miongoni mwa waliokimbilia Busan. Behewa limejaa vichwa vilivyobanana, kichwa juu ya kichwa, vyote vimefungiwa ndani ya miraba ya behewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo mara ya kwanza naona vile viduara ndani ya miraba. Na vilitokana na kitu alichokiona mbele yake, nchini mwake, kwenye vumbi la vita. Havikutokana na kumbukumbu tamu.

Lingine linalonikera ni namna tunavyoisimulia safari yenyewe. Whanki alipoondoka Seoul hakuwa kijana anayetafuta maisha. Alikuwa na miaka 50, mkuu wa kitivo cha sanaa katika Chuo Kikuu cha Hongik, mtu wa kuamkiwa mitaani. Alikwenda São Paulo, Brazil, mwaka 1963 kuiwakilisha nchi yake kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa, akapata tuzo ya heshima. Tuzo kuu ilikwenda kwa Mmarekani Adolph Gottlieb, mwenye kuchora kanvasi kubwa zenye alama chache kabisa. Whanki akaziona, akapima, na kutoka Brazil akaenda moja kwa moja New York, mjini kwa Gottlieb. Huyo si mtu aliyesukumwa. Ni mtu aliyeona kazi ya mwenzake, akakubali kwamba yake mwenyewe inahitaji kubomolewa, na akaenda kuibomoa mahali ambapo hakuna mwanafunzi wa kumwita profesa. Katika umri ambao wengi wetu tunaanza kuhesabu mafao.

Hapa niseme kidogo kuhusu sisi wenyewe. Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akachukuliwa kwenda Uingereza akiwa na miezi minne. Miezi minne! Alipopata Tuzo ya Turner mwaka 2017, mwulize leo mwandishi mwenzangu yeyote anakumbuka nini, atakujibu: ni wetu, wa Unguja. Mwulize sasa Himid anachora nini, kwa kutumia nini, amebadilika vipi tangu miaka ya 1980. Kimya. Tuna haraka ya kudai damu, na kazi yenyewe hatuna muda nayo. Wakorea nao wana ugonjwa huohuo kwa Whanki, ila wao angalau wamejenga makumbusho.

Na hayo makumbusho yananipeleka kwa yule niliyesema nitamfikia.

Alizaliwa Byun Dong-rim. Kwanza aliolewa na Yi Sang, mshairi aliyeitikisa fasihi ya Korea, ambaye alifariki Tokyo mwaka 1937, hata mwaka mmoja wa ndoa haujatimia. Mwaka 1944 akaolewa na Whanki. Kwa desturi ya Korea mwanamke haachi jina la ukoo wa baba yake, lakini yeye alilibadilisha lote, akawa Kim Hyang-an, na hilo Hyang-an lilikuwa jina la usanii la mumewe. Unaweza kulisoma tendo hilo unavyotaka. Mimi nalisoma kama mtu aliyeamua kuanza upya bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa sikiliza. Ile safari ya Paris, inayoandikwa kila mahali kwamba Whanki alikwenda Paris: Hyang-an ndiye aliyetangulia, mwaka 1955. Alikwenda peke yake, akajifunza lugha, akasoma mambo ya sanaa, akaujua mji na watu wake. Mume akaja mwaka uliofuata, njia imeshafyekwa. New York alimfuata mwaka 1964. Alikuwa mwandishi wa insha, mwenye vitabu vyake. Baada ya kifo cha mumewe ndiye aliyeanzisha Wakfu wa Whanki mwaka 1978, ndiye aliyefungua Makumbusho ya Whanki katika mtaa wa Buam-dong, Seoul, mwaka 1992, na ndiye aliyehakikisha shajara na picha havitawanyiki. Bila yeye wapiga minada wangekuwa na nini cha kuuza? Lakini hadithi ya mpweke anayelia kwa nukta haina kiti cha mtu wa pili. Upweke unataka chumba kitupu. Kwa hiyo mwanamke anayejua Kifaransa, mwenye vitabu vyake, mwenye mipango, anatolewa nje ya chumba, anarudishwa tu mwishoni kama mjane mwaminifu anayetunza kaburi.

Katalogi nyingi humpa aya moja. Ningependa kuona mtu anaandika kitabu kizima cha miaka yake ya 1955 na 1956 pale Paris, ile miezi kabla mume hajafika, kwa sababu hapo ndipo uhamiaji wa familia hii ulipofanyiwa kazi yake halisi: kutafuta, kuuliza, kuandikiana, kubisha hodi.

Miaka ya mwisho ya Whanki ilikuwa ya maumivu ya mwili. Shingo na mgongo vililipia zile nukta. Ukiinama juu ya kanvasi ya mita mbili na nusu saa nyingi kila siku, mifupa haikusamehi. Buluu ilipungua. Mwaka 1974 nukta zikawa za kijivu na nyeusi, zikikatwa na mistari myeupe myembamba inayoonekana kama kanvasi yenyewe imepasuka. Hata hapo alikuwa anabadilika. Hakukaa kwenye buluu iliyompatia sifa. Mwezi Julai mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akaanguka hospitalini, akafariki tarehe 25, akiwa na miaka 61.

Alizikwa Valhalla, kaskazini mwa jiji la New York. Hyang-an alikuwa na miaka 30 ya kumrudisha Korea, na uwezo alikuwa nao: kazi alizirudisha, zikajengewa nyumba Seoul. Mwili hakuurudisha. Naye alipofariki mwaka 2004, akazikwa hukohuko, kando yake.